Mtani na Mshauri Asiyecheka

Kwetu, kwenye miteremko ya Mgeta, watu hawahesabu kwamba msiba umeanza mpaka Mtani afike. Marehemu anaweza kuwa ndani, turubai limefungwa, wanawake wamekaa mikekani, katekista ameshaongoza sala, lakini bado kila mtu anatupia jicho ile njia inayopanda kutoka mtoni. Akitokeza pale kwenye migomba, na fimbo yake na koti la mitumba lililomzidi mabega, utasikia mtu anaguna, "Haya, kaja mwenyewe." Hata mfiwa ambaye tangu asubuhi alikuwa ameinamisha uso, atauinua.

Jina analo, tena la ubatizo, lakini mimi sijawahi kulitumia; yeye na mimi huitana Mtani tu. Ukoo wa mama yangu, ambao kwetu Waluguru ndio ukoo wangu, na ukoo wake ni watani tangu enzi za mababu. Kwa asiyejua mambo yetu: watani wa aina hiyo ndio wanaochimba kaburi, ndio wanaosimamia jiko la msiba, na ndio wenye ruhusa ya kumdhihaki marehemu mbele ya watoto wake. Ukikasirika, aliyekosa adabu ni wewe. Na kati ya watani wote niliowahi kuwaona, kuanzia milimani mpaka mjini, hakuna aliyemfikia huyu hata kwa mbali.

Alipofariki mjomba wangu, kaka yake mama, Mtani alivaa kofia ya marehemu, akatembea kama marehemu, goti moja limekataa kukunjika, akawa anapita kwa waombolezaji mmoja mmoja akidai jembe lake. Mjomba alikuwa mtu wa kukuazima jembe asubuhi na kulifuata kabla hujafika shambani. Mama alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu kaka yake akate roho. Alipoona lile goti alicheka mpaka kanga ikamdondoka kichwani. Kisha akalia, kilio kile cha kutoka tumboni ambacho kilikuwa kimekataa kutoka. Kisha akaomba ugali.

"Umeona?" Mtani aliniambia tulipokuwa tunanawa mikono. "Mtu akicheka koo linafunguka. Likishafunguka, ugali unapita na machozi yanapita. Mimi kazi yangu ni koo tu."

Kuna padre mmoja mgeni aliyeletwa parokiani kwetu akiwa hajui lolote. Katika mazishi yake ya kwanza alifika kaburini na maji ya baraka, akamkuta Mtani amelala mle ndani chali, mikono kifuani, analalamika kwamba chumba ni kidogo na jirani wa kushoto anakoroma. Hatoki mpaka apewe jogoo. Padre alibadilika rangi. Katekista akamnong'oneza ajue ni desturi. Yule padre akasimama pale kwenye ukungu, kitabu mkononi, akingoja jogoo aletwe, na mwisho wa yote akawa anacheka ndani ya kola yake. Miaka iliyofuata, kila akisikia kuna msiba, swali lake la kwanza lilikuwa kama Mtani ameshapata habari.

Lakini usidhani alikuwa mtu wa kuchekacheka tu. Harusini alikaa kimya kama mdaiwa. Shambani kwake hakutaka masihara kabisa. Matuta yake ya kabichi yalinyooka, na ole wako ukatize katikati. Nyumbani kwake mchekeshaji alikuwa mke wake, mama mfupi mwenye sauti ya kukata, ambaye angeweza kumwita mumewe kutoka bonde la pili aje afukuze kuku. Mtani alikuwa anatii, anakuja, anafukuza kuku, huku akijizuia kucheka. Nadhani utani wake wote aliuchota kwa yule mama.

Na alikuwa na woga mmoja wa ajabu. Mtu aliyelala ndani ya makaburi ya watu hakuthubutu kuingia chumba cha mgonjwa. Alikuwa anaishia mlangoni, anatoa salamu, anaacha ndizi, anaondoka. "Aliyekufa namweza," alizoea kusema. "Mgonjwa simwezi. Mgonjwa anakuangalia."

Shikamoo ya watani wake alikuwa haipokei. Ni mkubwa kwangu kwa miaka mingi, na mama alinifundisha adabu, kwa hiyo kila nikipanda mlima nilimwamkia. "Shikamoo ya nini?" angesema. "Nipe togwa ninywe, na hiyo shikamoo kampe mumeo." Ndivyo tulivyoishi. Sikumbuki siku hata moja tuliyosemezana jambo zito, na kusema kweli sikuona kama tumepungukiwa.

Kisha mke wake akafa, na hapo ndipo tulipogundua kwamba hatujui la kumfanya.

Zamu ilikuwa yetu, sisi watani wake. Ilitupasa tumchekeshe yeye kama alivyotuchekesha sisi. Wazee wa ukoo walitazamana, mwisho wakanisukumia mimi kwa kuwa nina sauti kali. Nikajifunga kanga ya marehemu, nikasimama pembeni ya uwanja, nikamwita mumewe aje afukuze kuku. Mtani alicheka kabla sijamaliza kuita. Alicheka haraka, kwa sauti kubwa, akanipigia na makofi. Watu wakafurahi, chakula kikaliwa. Mimi niliivua ile kanga haraka, kwa sababu nilikuwa nimemtazama usoni na sikuona mtu aliyechekeshwa.

Tangu siku ile hakuacha utani. Zamani alikuwa anatania kwenye msiba na kufunga mdomo shambani. Sasa ikawa asubuhi, dukani, kanisani, njiani. Na utani wenyewe ulikuwa mmoja tu: kufa kwake. Alipita kwa fundi seremala akamwambia ampime sanduku kungali na ubao mzuri. Alimwambia katekista ampangie siku isiyo na mvua. Alisema mke wake anamwita kutoka ng'ambo, kuku wamezidi huko. Watu walishika mbavu. Kabichi zake zikapasuka shambani bila kuvunwa, na wakasema Mtani amezeeka vizuri, amepumzika. Akawa mwembamba, koti likamzidi zaidi, nalo likachekwa.

Ni mama yangu aliyeona. Mimi nilikuwa mjini, Kihonda, kwenye cherehani yangu, akanipigia simu.

"Mwanangu, Mtani hatanii," alisema.

Nikamwambia mbona kila mtu ananiambia anatania kuliko zamani.

"Akitania huwa ananitazama aone kama nimecheka. Siku hizi anasema maneno yake halafu anatazama chini kule korongoni. Mchukue akae kwako. Mimi sina maneno ya kumwambia."

Na mimi sikuwa nayo. Nilipanda mlima kumfuata, nikamkuta kwenye benchi nje ya nyumba yake, nikajaribu kumuuliza, kwa upole, kama ni kweli anafikiria kujidhuru. Unamuulizaje mtani wako swali kama hilo? Kila neno lililotoka mdomoni mwangu lilitoka na umbo la masihara. Akanijibu kwamba kamba zote amefungia mbuzi. Nikacheka. Halafu kila mmoja akatazama upande wake. Sijawahi kujiona sina msaada kwa mtu kama siku ile.

Nilimteremsha mjini kwa kisingizio cha kifua. Kifua chenyewe kilikuwa kinamuuma kweli, na koo lilimbana kila akitaka kumeza. Zahanati walimpa dawa ya vidonda vya tumbo, akaimaliza, maumivu yakabaki palepale. Hospitali kubwa wakampima mpaka wakachoka. Daktari, kijana mchangamfu, akamwambia kila kitu ni kizima.

"Moyo mzima, mapafu mazima, tumbo zima?" Mtani akauliza. "Basi nipeleke buchani, mnyama mzima kama mimi haachwi hivihivi."

Daktari alicheka sana. Nashukuru kwamba baada ya kucheka alimtazama tena, akamuuliza kama analala. Ndipo akatuelekeza chumba cha mwisho kwenye korido, kwa mshauri nasaha.

"Yaani nimekuwa kichaa?" Mtani aliuliza njiani.

"Ni mazungumzo tu."

"Mazungumzo ninayo nyumbani. Na huyo anashauri nini? Ndoa? Mke ameshaniacha bila talaka."

Mshauri alikuwa dada mmoja mtulivu, mtu wa Bukoba, ambaye na Mluguru hana utani hata wa kuazima. Nilikaa nje kwenye benchi. Nilisikia sauti ya Mtani ikipanda na kushuka, ikawa sauti ya padre, ikawa ya daktari, nikajua huko ndani onyesho limekolea. Kicheko sikukisikia. Alipotoka alikuwa amekasirika.

"Yule binti ana matatizo," aliniambia. "Nimemwigizia watu wote ninaowajua. Nimemwigiza hata yeye mwenyewe, anavyoshika kalamu. Hacheki! Amefiwa?"

"Labda hakukuelewa."

"Ameelewa vizuri sana. Ameniuliza, ukishamaliza kuwachekesha watu, unabaki na nani."

"Ukamjibu?"

"Nimemwambia nabaki na njaa."

"Akacheka?"

"Nakwambia hacheki huyo! Kasema nirudi Alhamisi. Nitarudi. Hawezi kunishinda mtoto mdogo vile."

Na hivyo ndivyo Mtani alivyoanza tiba, kwa ubishi. Kama angeambiwa anakwenda kutibiwa huzuni asingerudi. Alikuwa anarudi kumchekesha mshauri. Kila wiki aliteremka na malori ya mboga, akalala kwangu Kihonda, na jioni alinijaribia vichekesho vyake juu ya sahani ya maharage. Kile nilichokicheka mimi alikiweka akiba. Alhamisi alivaa shati safi. Na kila Alhamisi alitoka ameshindwa. Mimi nilichoka, nikaona tunapoteza muda, mzee anadhoofika na sisi tunacheza. Nikamfuata yule dada kulalamika. Alinisikiliza, akaniambia taratibu kwamba Mtani akimchekesha yeye, atakuwa ameongeza mtu mwingine wa kumkimbia kwa mzaha. Sikumwelewa vizuri siku ile.

Siku moja alitoka hana hasira. Tulifika nyumbani, nikampa chai, akaishika tu.

"Ameniambia nimweleze habari za mke wangu," alisema baadaye. "Nikamweleza. Akasema, huyo unamwigiza; nieleze kwa sauti yako. Nikajaribu. Nikafungua mdomo, ikatoka sauti ya marehemu. Nikajaribu tena, ikatoka ileile. Mtani, mimi sina namna nyingine ya kusema habari za mke wangu."

Wiki iliyofuata alipata sentensi moja. Aliniletea kama mtu aliyeokota kitu njiani: "Alikuwa anapenda chai ya tangawizi." Nikamuuliza halafu. Akasema, "Halafu imeishia hapo. Lakini nimeisema mimi."

Habari yenyewe, ile iliyokuwa imemkaba, nilikuja kuisikia barazani kwangu nikiwa napinda sketi za shule, pini zimejaa mdomoni. Alianza bila kugeuka. Alisema mke wake alipozidiwa ilikuwa masika, barabara imeng'oka, gari halipandi. Vijana wakambeba kwa machela kuteremka mpaka kwenye barabara iliyokuwa bado inapitika. Yeye, ambaye mgonjwa hamwezi, hakuwa na mlango wa kuishia. Ilibidi atembee pembeni ya machela, na mke wake anamwangalia. Akaanza kutania. Alitania njia nzima. Aliwatania wabebaji, akautania udongo, akamwigizia mke wake sauti yake mwenyewe, na mwanzoni mama wa watu alitabasamu.

"Akaniambia, 'Nyamaza kidogo, mume wangu, nimechoka.' Sikunyamaza. Nilimsikia na sikunyamaza. Nikaendelea mpaka wale vijana wakasimama, wakaweka machela chini. Mimi bado naongea."

Sikutoa pini mdomoni. Nilikaa na ile sketi mapajani, naye hakungoja jibu langu, ashukuriwe Mungu.

"Nilimwambia yule binti yote hayo," akaendelea. "Akaniuliza nilikuwa namchekesha nani pale, mke wangu au mimi. Nikamwambia, mimi nilikuwa naogopa. Akasema, rudia. Nikarudia. Naogopa. Mtu mzima na mvi zangu, nimekaa kwenye kiti cha plastiki nasema naogopa. Na hakucheka, Mtani. Kwa mara ya kwanza nikaona afadhali."

Siku ile alikula, akaomba tena. Kuanzia hapo koo likaanza kufunguka, lake sasa. Alianza kulala. Kifua kilipoa kidogokidogo, bila dawa yoyote mpya. Alirudi shambani, akang'oa kabichi zilizooza, akapanda karoti, akagombana na jirani aliyekatiza tuta, na mama alinipigia simu kwa furaha kunipa habari za ule ugomvi. Fundi seremala naye aliachwa akafanya kazi zake.

Ningependa kuishia hapo, lakini nitakuwa nimedanganya. Huzuni haikuondoka. Alikuwa na siku mbaya, na anazo hadi leo. Tofauti ni kwamba sasa alikuwa anazisema: "Leo siko sawa." Wanakijiji wakawa wanacheka. Alikuwa amejifunza kusema kweli kwenye kijiji kilichozoea kwamba kila asemalo ni mzaha. Alikwenda kumuuliza mshauri afanyeje, maana yeye ametibiwa na watu hawajatibiwa. Yule dada akamwambia hawezi kuwabadilisha wote, achague mtu mmoja, na akitaka kumwambia jambo la kweli, amshike kwanza mkono, ili ajue.

"Nimemchagua mama yako," aliniambia. "Wewe unacheka ovyo."

Niliona wivu kidogo, na pia niliona mzigo umenishuka. Mama akawa anashikwa mkono pale benchini, Jumapili baada ya misa, anasikiliza, anamkorogea togwa, anamwacha aende. Alinieleza kwamba hakuwa anamjibu kitu. "Kwani nina nini cha kumjibu?" alisema. "Nakaa tu." Kisha yule mshauri akahamishiwa mkoa mwingine, na Mtani akateremka mlima Alhamisi ya mwisho na shati safi kumuaga. Alitoka anatabasamu. Alisema hatimaye amemchekesha. Nikamuuliza kwa kichekesho gani. Akasema hakutania, alimweleza tu, kwa sauti yake yeye bila kumwigiza, jinsi mke wake alivyokuwa anamwita aje afukuze kuku, na binti akacheka, na yeye akacheka, na wote wawili wakafuta macho.

Masika haya yaliyopita mama yangu alifariki.

Nilipanda mlima na jeneza nililolinunua mjini. Turubai likafungwa, mvua ikawa nyepesi, wanawake wakakaa nami mkekani, na baada ya sala macho yote yakageukia njia ya mtoni. Mimi pia niligeuka, sifichi. Tangu nipate habari nilikuwa sijalia, na nilikuwa nangoja aje anifungue koo. Nilijua mpaka atakachokifanya: ataomba kanga ya mama, atainama vile mama alivyoinama, atamkorogea kila mtu togwa isiyokuwepo.

Alitokeza kwenye migomba. "Haya, kaja mwenyewe," mtu akasema, na wengine wakaanza kucheka kabla hajafika. Hakuomba kanga. Alipita mlango wa nyumba, akaja moja kwa moja kwenye mkeka wa wanawake, jambo ambalo mtani peke yake anaweza kulifanya, akakaa kando yangu, fimbo akailaza. Akaanza kulia.

Uwanja wote ulilipuka. "Jamani, anamwiga mfiwa!" alisema mama mmoja, akapiga makofi. "Tazama mdomo! Tazama mabega!" Walikuwa wanafutana machozi kwa kicheko. Mimi mwenyewe, kwa muda mfupi, nilidhani ananiiga.

Kisha akanishika mkono.

"Shikamoo, Mtani," nikasema. Sijui kwa nini lilikuja hilo.

"Marahaba, mwanangu," akajibu, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Mama yako alikuwa anakaa na mimi."

Alilisema kwa sauti yake, wala hakuiga mtu. Nilitaka kusimama niwaambie wanyamaze, kwamba mzee analia kweli, kwamba hapa hapana mchezo. Alinibana vidole. Kucha zake zilikuwa na udongo wa karoti.

"Waache wacheke," alisema. "Wakicheka watakula. Sisi tulie."

Tukalia.